Kupe wa Watasema

Mwezi uliopita lori tulilopanda lilikwama Ndalambo siku mbili, likisubiri ufuta ambao mwenye mzigo alikuwa bado anaukusanya nyumba kwa nyumba. Mimi huwa sina haraka. Nilikaribishwa kwenye mji wa mfugaji mmoja, baba wa makamo mwenye mabega ya kujaza mlango. Akanipa kigoda na kikombe cha maziwa ya mgando, na mbwa wake akaja akaweka kichwa juu ya goti langu kana kwamba tulikuwa tumeachana jana. Nikamkuna nyuma ya sikio kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Vidole vikagota kwenye kitu laini, cha mviringo, kimejishikiza kwenye ngozi. Sikuhitaji kuangalia.

Mwenyeji wangu aliona mkono wangu umesimama. Akasema ni kupe huyo, asinisumbue, na kabla sijajibu alikuwa amemshika kwa vidole viwili, anaanza kumzungusha kama mtu anayefungua kizibo.

"Subiri," nikamwambia. "Usimsokote."

Akanitazama. Akasema yeye amesokota kupe wa ng'ombe tangu hajaota meno ya pili, na ng'ombe hawajalalamika. Kisha akauliza, kwa upole wa mtu aliyemkaribisha mgeni na sasa anajiuliza kama alifanya vizuri, ni nani aliyenifundisha vingine. Nikaingiza mkono kwenye begi kutafuta kibano changu. Nikiwa napapasa kati ya nguo na chaja za simu, harufu ya kahawa inayoanikwa ikanijia puani, palepale kwenye joto la bonde la Momba ambako hakuna hata mti mmoja wa kahawa.

Mimi ni wa juu, Igamba. Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye kahawa mnaijua harufu ninayoisema. Si ile ya kikombeni, hiyo tulikuja kuijua ukubwani. Nasema ile ya maganda mekundu yaliyolundikwa nyuma ya nyumba, tamu na chachu kwa pamoja, kama pombe inayojifikiria. Msimu ukifika, harufu hiyo iliingia kwenye blanketi, kwenye ugali, kwenye nywele. Mwalimu wetu alisema akifumba macho anajua watoto gani wamechelewa shule kwa sababu ya kuchuma.

Mimi nilichelewa sana. Nilikuwa na vidole. Mama aliwaambia wageni habari za vidole vyangu kama watu wengine wanavyosema habari za mtoto aliyefaulu. Nilikuwa nashika tunda moja tu, lililoiva, nalizungusha kidogo, linaanguka kiganjani, na kikonyo kinabaki kwenye tawi bila kuchubua chochote. Matunda mabichi yaliyoota pembeni yake hayakutikisika. Mama alikuwa na sheria tatu shambani: iliyoiva ichumwe, mbichi iachwe, na kikonyo kibaki mtini. Na maganda, baada ya kumenya, tuliyarudisha kwenye mashina, kwa sababu mti hula kilichotoka kwake. Hiyo haikuwa hata sheria, ilikuwa ni jinsi dunia ilivyo.

Mbwa wetu aliitwa Watasema. Baba ndiye aliyempa jina hilo, na halikuwa la mbwa. Kati ya shamba letu na la jirani, Baba Tumaini, iliota migomba mitatu ambayo kila mmoja alisema ni yake. Wangeweza kugombana kama watu wengine, ila wote wawili waliimba besi kwenye kwaya ya kanisa, tena wakisimama bega kwa bega, na haiwezekani kumtukana mtu Jumamosi halafu Jumapili mkashirikiana kitabu kimoja cha nyimbo. Basi Baba alipoletewa mtoto wa mbwa, akamwita Watasema. Kila jioni alisimama uani akiwa ameelekea migombani, akamwita kwa sauti ambayo mbwa mwenyewe, aliyekuwa amelala juu ya viatu vyake, hakuihitaji.

Baada ya wiki chache jirani naye akapata mbwa. Jioni tukasikia kutoka ng'ambo ya migomba, kwa besi ileile ya kanisani: "Tumezoea! Tumezoea, njoo ule!" Mama aliacha sufuria motoni akaingia ndani kucheka.

Mbwa wenyewe hawakupewa taarifa ya ugomvi. Walilala mchana kutwa katikati ya ile migomba, pua kwa pua. Usiku Watasema alikuwa na kazi. Msimu wa kahawa alilinda chanja, zile meza ndefu za miti na wavu tunazoanikia, na kitanda chake kilikuwa chini ya chanja ya mwisho, juu ya maganda makavu na kipande cha gunia.

Nilikuwa darasa la tatu, mvua zimekolea, kahawa bado za kijani na vidole vyangu havina kazi. Siku moja nikimkuna Watasema shingoni nikakuta punje. Nikapanua manyoya. Zilikuwa mbili nene, za kijivu, zinang'aa kama mbegu za mbarika, na pembeni yake kulikuwa na nyingine ndogo, bapa, za rangi ya udongo. Mbili zimeiva, nyingine bado. Akili yangu ikapanga kila kitu palepale. Mbwa jike huzaa watoto, hilo nilishaliona. Kumbe mbwa dume huzaa hizi.

Msinicheke sana. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia vinginevyo, na mimi kwa kuwa hakuna aliyewahi kulitaja, nikadhani ni katika yale mambo ya watu wazima ambayo ukiuliza unaambiwa kachote maji. Nikafanya nilichojua. Nikashika ile iliyonenepa kwa vidole viwili, nikaizungusha kidogo, ikatoka. Watasema akashtuka, akanilamba mkono. Kwenye ngozi yake kikabaki kidoa cheusi. Nikafurahi, kwa sababu hicho kilikuwa kikonyo, na kikonyo kilikuwa kimebaki mtini.

Nilichuma mvua zote zile. Kila baada ya shule nilimkagua Watasema kama Mama anavyokagua shamba, natoa zilizoiva, naacha changa zikomae. Mavuno niliyaweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo likipata uzito kidogo nilienda chini ya chanja ya mwisho nikayamwaga juu ya maganda anapolala. Nilikuwa nairudisha mbolea kwenye shina. Na kwa kweli shamba langu lilijibu. Mvua zilipokatika na kahawa kuanza kuwa nyekundu, Watasema alikuwa amezaa masikioni, kati ya vidole vya miguu, makwapani, chini ya mkia, kwenye kope. Nilikuwa sijaona msimu mzuri kama ule. Nilikuwa nangoja tu siku ya kumwambia Mama.

Ila mti wenyewe ulikuwa unakauka. Watasema alianza kuacha chakula. Pale nilipochuma palitoka vidonda, na nzi wakavijua. Alikonda hadi mbavu zikahesabika, na Baba alipomwita jioni kwa ajili ya jirani, alinyanyua kichwa tu akakirudisha chini. Mama, aliyedhani ni upele, alimpaka mafuta ya taa kwa kitambaa. Watasema alilia kwa sauti ambayo sijaisahau, na punje zangu hazikutikisika hata moja.

Kisha asubuhi moja tukakuta chanja ya mwisho imefagiliwa. Kahawa ya siku tano imekwenda, na Watasema yuko chini yake, macho wazi. Hakuwa amebweka.

Siku hiyo jioni nilimsikia Baba jikoni akizungumza na Mama kwa sauti ndogo. Alisema mbwa amekwisha, na kumwacha hivyo ni kumtesa. Alikuwa amezungumza na yule mzee wa kitongoji cha chini. Watoto wote wa Igamba tulimjua mzee huyo kwa koti lake la mvua la kijani, alilovaa hata jua likiwaka. Watu walimwita pale mbwa anapowashinda. Alikuja na kamba na gunia, na aliondoka kwa njia ya nyuma.

"Atakuja Jumapili baada ya ibada," Baba akasema.  Nilisikia tu mwiko wa Mama ukikwangua sufuria mahali palipokuwa pameshakwanguliwa.

Ilikuwa Jumanne. Jumatano akaja Shangazi Stela.

Shangazi alikuwa dada yake Baba, mwenye saluni Tunduma, karibu kabisa na mpaka. Wateja wake wengi walitoka Nakonde, upande wa Zambia, na aliwasalimia "mulishani" kabla hajawauliza wanataka nini. Kila msimu alifunga saluni wiki moja akaja kumsaidia kaka yake kuchuma. Alichuma vibaya, akivunja matawi, na Mama alimwambia hivyo kila mwaka, naye kila mwaka akajibu kwamba wifi yake naye hajui kuchora nyusi na hakuna anayemsema. Alikuja na sanduku la vifaa vyake kwa sababu wanawake wa kijiji walimngoja mwaka mzima. Na aliogopa mbwa. Akiwa kwetu alikaa juu ya kinu kilichogeuzwa, miguu juu, hata kama Watasema amelala mbali.

Kutoka juu ya kinu hicho ndipo aliponiona mchana ule nimepiga magoti kando ya mbwa na kopo langu. Mimi nilikuwa najaribu kuokoa nilichoweza. Nilikuwa nimeamua kwamba mti umezidiwa na matunda, basi ukipunguziwa utapona kabla ya Jumapili.

"Mama," Shangazi akaniita. Nilipewa jina la bibi, mama yao yeye na Baba, kwa hiyo wote wawili waliniita mama hata wakati wa kunichapa. "Unafanya nini hapo?"

"Nachuma."

"Unachuma nini?"

"Za Watasema. Zilizoiva tu."

 Nilitegemea angeniuliza nimepata ngapi.

"Niletee moja," akasema. "Iweke kwenye kisahani. Usiniletee mkononi."

Nikampelekea. Akafungua sanduku lake, akatoa kijiti chembamba cha kusafishia kucha, akaigeuza punje yangu tumbo juu. Kisha akaniambia nisogee nitazame. Pale mbele, karibu na pale nilipodhani imekatika kikonyo, vitu vidogo kama nyuzi vilikuwa vinapunga hewani.

"Hesabu hiyo miguu."

Nikahesabu. Nikarudia. "Minane."

"Na kahawa ina miguu mingapi?"

Nimekaa sehemu nyingi tangu wakati huo, nimepikia mafundi wa barabara, nimevusha vitenge, nimeshinda kwenye mashimo ya dhahabu nikiuza maandazi, lakini sidhani kama nimewahi kushtuka kama pale mbele ya kisahani. Kitu nilichokuwa nakivuna kilikuwa kinatembea. Shule niliyoiacha baadaye nikiwa darasa la sita haikunifundisha kitu kikubwa kuliko hicho, na naona tangu siku ile sijaamini jambo lolote kabla ya kuligeuza tumbo juu.

Shangazi akanieleza taratibu, bila kucheka, na namshukuru kwa hilo. Huyo ni mdudu, anaitwa kupe, anaingiza mdomo ndani ya ngozi na kunywa damu. Wale wadogo si wachanga wanaosubiri kuiva. Nao wanakunywa. Huyo mnene wa kijivu ameshiba, na akishiba anadondoka chini akatafute pa kutagia, na mayai yake hayahesabiki.

"Unawatupa wapi?" akauliza.

Nikatazama chini ya chanja ya mwisho. Machozi yalikuwa yameshatangulia. Shangazi akafuata macho yangu, akayaona maganda, gunia, na nadhani aliona na miezi yote iliyopita.

"Hiyo utamwambia baba yako wewe mwenyewe," akasema. "Usiposema, tutamsafisha mbwa mchana na watapanda tena usiku. Lakini kwanza kaa hapa, nikuoneshe unavyokosea. Leta nyusi."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akanikalisha chini mbele ya kinu, akanishika kidevu, akatoa kibano. Akashika unywele wa nyusi yangu juu, kwenye ncha, akausokota na kuvuta. Ukakatika. Akanionesha kipande, kisha akanipa kioo nione mabaki yake bado yamesimama. Akashika mwingine, safari hii chini kabisa, kibano kikiwa kimelala juu ya ngozi, akavuta polepole bila kuzungusha, kuelekea unakoota. Ulitoka mzima, na mwishoni kulikuwa na kidoti cheupe.

"Ukishika juu, unakata," akasema. "Ukishika kwenye ngozi, unang'oa. Kupe ni hivyohivyo. Wewe ulikuwa unamkata, mdomo unabaki ndani unaoza. Na usimminye tumbo, ukimminya unamrudishia mbwa uchafu wote alionao."

Nikamuuliza yeye amejuaje na anaogopa mbwa. Akasema ana mteja Nakonde, mama mwenye mbwa wanne, ambaye siku moja akiwa amefumba macho anachongwa nyusi alimwambia kwamba kwao kibano kama hicho wanatolea kupe. Shangazi siku hiyo alikaribia kumfukuza mteja. Lakini aliendelea kumsikiliza. "Mtu akishafumba macho na uso wake uko mikononi mwako," akasema, "anakwambia kila kitu, hata usichouliza."

Jioni, ugali ukiwa mezani, nikasema. Nilisema nikitazama mboga. Nikaanza na vidole vyangu, nikaja kwenye kopo, nikamalizia na maganda. Nilipofika kwenye kurudisha mbolea kwenye shina, Mama alitoa sauti kama mtu aliyepaliwa, akajifunika kanga usoni, na mabega yakaanza kumtikisika. Baba hakucheka. Alinawa mkono, akaufuta kwenye suruali polepole.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Na mimi nilikuwa namlaumu mbwa," akasema. Kisha akamtazama dada yake, akanitazama mimi. "Yule mzee nimeshampa neno langu, Jumapili atakuja. Mbwa asiyebweka hawezi kulala chini ya kahawa. Akibweka, atabaki. Asipobweka, mama, hutalia mbele ya mgeni."

Kulipokucha Alhamisi nilimkuta Baba amekwisha kukokota maganda yote hadi katikati ya uwanja, pamoja na gunia, na ameyawasha. Kupe walipasuka motoni kama bisi. Udongo wa pale chini aliumwagia maji ya moto, madebe mawili. Watasema tukamlaza kando ya jiko, kwenye sakafu iliyofagiliwa, na kazi ikaanza.

Shangazi alikuwa na vibano viwili, cha wateja na kingine cha zamani kilicholegea kidogo. Akanipa hicho cha zamani na chupa ya dawa ya nywele iliyokwisha, akaijaza spiriti nusu, akapanda kinu chake na kukunja kanga katikati ya magoti. Siku tatu alisimamia kutoka pale juu kama msimamizi wa barabara. Shuka chini zaidi. Umeshika manyoya, acha. Kibano kilale. Vuta, usikurupuke, yeye mwenyewe atachoka kushika. Mtie kwenye chupa, usimpasue kwa kucha. Sasa sikio la pili, ndani, kunja ile ngozi. Na katikati ya vidole vya miguu, huko ndiko wanakojificha wajanja. Kila nilipomaliza sehemu, nilipaosha kwa maji na sabuni, kisha nikaosha na mikono yangu hadi viwiko, Shangazi akihesabu kwa sauti ili nisikurupuke.

Vile vikonyo vyangu vya zamani vilivyokuwa ndani ya vidonda nilitaka kuvichimba kwa sindano. Akanikataza. Ngozi itavisukuma yenyewe, alisema, kazi yangu ni kupaweka safi tu.

Vidole vilikuwa na tabia yao. Kila nilipochoka vilitaka kuzungusha, na mara mbili vilizungusha, na nikajua kabla hata sijatazama. Lakini ikafika mahali nikaanza kusikia tofauti, ule ubishi mdogo wa mdudu aliyeng'ang'ania, halafu kuachia kwake ghafla, mzima, miguu yote minane ikipunga kwenye ncha ya kibano. Watasema alijifunza pia. Ijumaa alikuwa ananigeuzia upande mwenyewe.

Jumamosi pikipiki ikaingia uani. Alikuwa bwana mifugo wa kata. Baba alikuwa amemwita bila kumwambia mtu yeyote, na alipoona tunamtazama, akajifanya ana jambo muhimu la kurekebisha kwenye mashine ya kumenyea. Bwana mifugo akafunua mdomo wa Watasema, ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Akamchoma sindano, akauliza nani aliyetoa kupe, akanitazama, akatazama chupa. Akasema wametolewa vizuri. Kuhusu kupona, akasema tusubiri.

Ibada ya Jumapili hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa. Baba na Baba Tumaini waliimba besi bega kwa bega, na mimi nilikuwa nahesabu mabati ya paa. Asubuhi Watasema alikuwa amelamba uji kidogo. Hakuwa amesimama.

Tuliporudi, mzee wa koti la kijani hakukawia. Alikuja kwa njia ya migombani, kamba begani, gunia limekunjwa chini ya kwapa kama gazeti. Mama akaingia ndani. Shangazi alishuka kwenye kinu, kwa mara ya kwanza mbele ya mbwa, akasimama nyuma yangu akanishika mabega. Baba akaenda kumpokea mgeni katikati ya uwanja, wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua na za kahawa, salamu ndefu za watu ambao hawataki kufika kwenye jambo lenyewe. Kisha mzee akashusha kamba begani.

Watasema alinyanyua kichwa. Akaitazama kamba. Akaweka mguu wa mbele, akaweka wa pili, miguu ya nyuma ikikataa, ikitetemeka, ikakubali. Akasimama. Akabweka mara moja, sauti imekauka kama bawaba ya mlango wa zamani. Nadhani ilimshangaza yeye mwenyewe. Akabweka tena, na tena, na kutoka ng'ambo ya migomba Tumezoea akaitikia.

Mzee wa koti la kijani alirudi nyuma hatua tatu. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyeitwa kazini akakuta kazi haipo, kwamba yeye aliambiwa mbwa mahututi, na huyu anataka kumla. Mama alicheka huko ndani, kwa sauti.

Baba alimwita mbwa wake. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu nilikuwa mtoto lakini niliisikia. Hakusimama wima, hakuelekea migombani. Aliinama, akanyoosha mkono, akasema "Watasema" polepole, kama jina. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita mbwa na si jirani. Watasema akanyamaza, akamwendea kwa miguu yake minne mibovu, akaegemea suruali ya kanisani.

Mzee wa koti alikuwa bado hajanywa uji wake wa kuagia wakati Baba Tumaini alipotokea kati ya migomba mitatu, tai bado iko shingoni. Alisimama upande wake. Akakohoa. Akasema amesikia, akauliza kama ni kweli, kwamba kuna binti hapa anatoa kupe. Kwa sababu Tumezoea naye masikio yamejaa na ameacha kula tangu juzi.

Baba aliitazama ile migomba, mmoja baada ya mwingine.

"Mama," akaniambia, "chukua kibano chako. Na mimi nitabeba maji."

Migomba hiyo mpaka leo sijui ni ya nani. Watasema aliishi akazeeka, akawa mnene na mvivu, na majina ya jioni yaliendelea, ila nadhani kwa ajili ya starehe tu. Kibano Shangazi hakukidai. Kimenifuata kila nilikohamia. Nimepoteza viatu, simu, mume mmoja na vitambulisho viwili, lakini hicho sijakipoteza.

Pale Ndalambo nilikipata hatimaye chini kabisa ya begi, kimejifunga kwenye soksi. Mwenyeji wangu alikuwa bado amemshikilia mbwa, anasubiri jibu, nani alinifundisha. Nikaona maelezo yatakuwa marefu.

"Kabla ya mbwa," nikamwambia, "leta nyusi."

Aliangua kicheko hadi wake zake wakatoka kutazama. Kisha akaona sicheki. Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, mtu mzima yule na mabega yake yote, akanyoosha kidevu na kufumba macho. Kabla hata sijashika unywele wa kwanza, alishaanza kunisimulia jinsi alivyompata huyo mbwa.